Mdundo Usiotumwa na Mtu

Wimbo wa Goma hauzururi bure. Upo wa kunawa mikono, upo wa kwenda kupiga kura, upo wa kuwapokea vijana waliotoka msituni kwenye makundi ya silaha, na wa amani ndio usiseme: kila prodyuza ana zake kadhaa, kila kwaya ina wake, na mashirika yenye ofisi na magari meupe hayaishi kuagiza mwingine. Ndiyo maana vipande vya muziki alivyonitumia kutoka huko rafiki yangu msafirisha vitenge vilinikalia kichwani. Viliingia kwenye simu kimoja kimoja, dakika tatu, dakika nne, besi na ngoma na kitu kama nyundo juu ya jiwe, na hapana mtu anayeimba. Nilimwuliza mwimbaji yuko wapi. Akanijibu hayupo wala hatakuja, na kama nataka kujua zaidi nije mwenyewe.

Nilikuwa na shida yangu pia. Kwa miaka nimepiga kinanda kwenye kwaya Mwanza juu ya midundo iliyokuja imefungwa ndani ya kinanda chenyewe, na nilikuwa nimechoka kupigiwa ngoma na mtu nisiyemjua. Nilitaka kujifunza kutengeneza biti zangu kwenye kompyuta. Dar es Salaam wangenifundisha, tena kwa raha zaidi. Huko ufundi huu una wazee wake, akina P-Funk Majani na Master J, na una vijana wa singeli wa Sisso Studio kule Mburahati wanaoukimbiza mdundo kupita mapigo 200 kwa dakika. Lakini nyundo ile haikutoka Mburahati.

Ilikuwa mwishoni mwa 2019. Basi lilivuka maji kwa kivuko cha Kigongo–Busisi, daraja likiwa bado halijaanza kujengwa, likashika njia ya Rusumo, na kuanzia hapo likahamia upande wa kulia wa barabara kuelekea Kigali, Musanze na Gisenyi. Njia nzima ilikuwa wimbo mmoja: Yope, ile rimiksi ya Innoss'B na Diamond Platnumz iliyotoka mwaka huohuo. Ilinichekesha kuona umiliki wake unavyobadilika kadiri tunavyosonga magharibi. Upande wa Tanzania abiria waliuita wimbo wa Diamond. Tulipofika Gisenyi ulikuwa wa Innoss'B, na Diamond alikuwa mgeni aliyekaribishwa. Wana haki. Innoss'B ni mtoto wa Goma, aliimba na ndugu zake katika kundi la Maisha Soul, na mwaka 2010, akiwa na miaka 13, akashinda shindano la Vodacom Superstar kule Kinshasa. Mjini kwao hata muuza kadi za simu anaisimulia habari hiyo kama kwamba alikuwa mmoja wa majaji.

Pale Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Gisenyi na Goma, ulikuwa msururu wa watu kwa miguu, mama wenye beseni za nyanya, vijana wenye magodoro, na kabla ya muhuri wa pasipoti kulikuwa na ndoo za maji ya klorini na kipimajoto kilichoelekezwa kwenye paji la uso. Ebola ilikuwa Kivu Kaskazini tangu Agosti 2018, na Julai 2019 ilikuwa imefika Goma penyewe. Mpaka ilipotangazwa kwisha, Juni 2020, iliua zaidi ya watu 2,200. Spika iliyofungwa juu ya mti ilikuwa ikiimba jinsi ya kunawa. Nilisikiliza kiki, ile ngoma nzito, na snea zake kwa masikio mapya ya mwanafunzi. Wimbo ulikuwa umetengenezwa vizuri sana.

Mji wenyewe ni mweusi. Mlima Nyiragongo uliumwagia moto 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mitaa, ikala sehemu ya njia ya ndege na kuingia ziwani, na watu wakarudi kujenga juu yake kabla haijapoa sawasawa. Kuta za nyua ni mawe ya lava, barabara za ndani ni lava, vumbi ni lava. Chukudu, lile baiskeli la mbao lisilo na pedali linalobeba magunia ya viazi kutoka vilimani, hupita likigongagonga kwa namna ambayo baada ya siku chache hulisikii tena, isipokuwa kama umekuja kufundishwa kusikia.

Sitataja mtaa wa studio nilikofundishwa, kwa sababu zitakazoonekana mbele. Ni chumba cha mbao chenye paa la bati, ndani kimebandikwa trei za mayai na vipande vya godoro. Trei za mayai hazizuii sauti kutoka nje, hilo mwalimu wangu analijua vizuri. Zinapunguza mwangwi kidogo, na mteja akiziona anaamini ameingia studio. Kompyuta ilikuwa HP ya mtumba, betri yake imekufa zamani, ikila umeme kutoka betri ya gari kupitia inveta. Kinanda kidogo kilifunikwa kitenge dhidi ya lile vumbi, nalo liliingia hivyohivyo. Mwalimu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu aliyeanzia kwenye kinanda cha kanisa kama mimi. Wanafunzi wake walimwita Grand, kama vijana wa huko wanavyomwita yeyote aliyewatangulia. Mimi nilimzidi umri, kwa hiyo yeye akaniita mukubwa, nami nikamwita mwalimu, na heshima ikagawanyika sawa.

Programu aliyofundishia ni FL Studio, ileile ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki wameanzia. Ilitoka mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, kazi ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji. Mwalimu hakuchoka kulitania hilo. Alinisikilizisha Congotronics, santuri ya mwaka 2004 ya Konono No. 1, wale wazee wa Kinshasa waliounganisha likembe, ala ya vidole gumba, na vipaza sauti vya vyuma chakavu mpaka likembe ikanguruma kama gitaa la roki. Alipofika kwenye jina la lebo iliyoitoa, Crammed Discs ya Brussels, alicheka: Wabelgiji tena.

Ukifungua FL Studio, kitu cha kwanza unachokiona ni safu ya vitufe 16 mbele ya kila sauti. Unawasha kitufe, sauti inalia mahali hapo, unakizima, inanyamaza. Mpango huo umerithiwa kutoka mashine za ngoma kama TR-808 ya Roland, ya mwaka 1980, iliyokuwa na vitufe 16 vya aina hiyohiyo. Mapigo manne, kila pigo limegawanywa mara nne. Nyumba ya hausi, ya hip hop, ya Bongo Fleva, karibu zote zimejengwa juu ya kiwanja hicho, na mtu anaweza kutengeneza biti maisha yake yote asigundue kwamba kuna kiwanja kingine.

Nilinyoosha mkono kwenye kinanda nitafute melodi. Mwalimu akanizuia.

"Mukubwa, usiguse piano kwanza. Skia."

Akanipeleka nje, mwendo wa robo saa, mahali wanawake wanapovunja mawe ya lava kuwa kokoto za kuuza kwa wajenzi. Watatu walikuwa wamekaa karibu, kila mmoja na nyundo yake na jiwe lake, wanaongea habari za ada za shule. Hawakuwa wanapiga muziki na sitaki kuwasingizia. Kazi ile inaua mgongo na malipo yake ni duni. Lakini nyundo tatu zikikaa pamoja muda mrefu hutafutana. Mwalimu alikuwa na mazoea ya kuwanunulia chai na kuweka simu yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, ikirekodi, kwa ruhusa yao na kwa masharti yao: sauti za nyundo achukue, mazungumzo ayakate. Hiyo ndiyo nyundo niliyoisikia Mwanza.

Tuliporudi akaiingiza ile rekodi kwenye kompyuta, akakata pigo moja safi, akaniambia niliweke kwenye vitufe 16 kama nilivyolisikia. Sikuweza, na hakuna ambaye angeweza. Kila nilipoliweka lilikuwa ama limewahi ama limechelewa.

"Ngoma ya kwetu haiendaka vile," akasema, akafunga ile safu ya vitufe na kufungua piano roli, ukurasa mweupe ambapo noti huchorwa kwa mkono. Akabadilisha mgawanyo uwe theluthi ya pigo. Nafasi 16 zikawa 12. Midundo mingi ya ngoma za kati na mashariki mwa Afrika hugawanya pigo mara tatu, na mwili wa mtu aliyekulia kwenye ngoma hizo unajua hivyo hata kama kichwa hakijawahi kuhesabu. Kiki ikakaa nafasi ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10, tulivu, mahali mguu unapokanyaga. Nyundo akaiweka ya 1, ya 3, ya 6, ya 8 na ya 11. Msomaji ajaribu mezani, mkono wa kushoto kiki, wa kulia nyundo. Mara ya kwanza mikono itagombana. Ikikubaliana, utaona mdundo hauna mahali pa kuanzia wala pa kuishia. Unaweza kuudandia popote. Nilikaa nao mchana mzima, nikiongeza haihati na kuipunguza, na sikukumbuka melodi tena.

Mengine niliyojifunza yalikuwa ya ufundi wa uhaba. Kompyuta husoma sauti mara 44,100 kwa sekunde, na iliyo dhaifu huhitaji kukusanya vipimo vingi kwa pamoja ndipo ipumue. Ukiiachia ikusanye 512, sauti inachelewa nyuma ya kidole chako kwa kama milisekunde 12, na hilo huvumilika. Ukiipandisha mpaka 2,048 ili isikwaruze, ucheleweshaji unapita 46, na hapo kidole na sikio vinaachana. Ndiyo maana mwalimu huchora karibu kila kitu kwa kipanya, pigo baada ya pigo. Wanaomsikia hudhani ana mpiga ngoma wa ajabu.

Besi nayo ina siasa yake. Noti ya hezi 50 inatikisa kifua kwenye spika kubwa, lakini watu wa Goma, kama wa Mwanza, husikiliza kwa simu na kwa vile viredio vinavyoning'inia kwenye pikipiki, ambamo hezi 50 hazipo kabisa. Dawa yake ni kuiongezea besi vivuli vyake vya juu, hezi 100, hezi 150. Sikio likivisikia hivyo, linajaza lenyewe ile ya chini ambayo spika haikuitoa. Baada ya kila miksi mwalimu alimwita dereva wa pikipiki aliyekuwa karibu na kumwomba acheze wimbo kwenye redio yake. Dereva akitikisa kichwa, miksi imepita.

Aliyenifundisha zaidi, hata hivyo, alikuwa binti mmoja mshona nguo, mwanafunzi mwenzangu, aliyefika jioni akiwa bado na uzi kwenye sweta. Vijana wengi pale walijifunzia toleo la majaribio la programu, lile lisilolipiwa. Toleo hilo linakuruhusu kufanya kila kitu, na kutoa wimbo uliokamilika pia, ila kazi uliyoihifadhi huwezi kuifungua tena. Ukizima, umeagana nayo. Wimbo unabaki kama faili la sauti usiloweza kulirekebisha. Ongeza hapo umeme unaokatika bila kupiga hodi. Wengi huishia kufanya haraka na kutoa chochote. Yule binti alikuwa na daftari la shule. Kabla hajagusa kipanya aliandika juu ya ukurasa mwendo wa wimbo, kisha sauti moja kila mstari, na mbele yake namba za nafasi: kiki 1 4 7 10, nyundo 1 3 6 8 11, kisha kiasi cha sauti, kisha mwangwi. Umeme ulipokatika aliendelea kutunga gizani kwa tochi ya simu, akigonga mezani na kuandika. Uliporudi alijenga upya wimbo mzima kwa muda mfupi kuliko ambao mimi ningetumia kutafuta faili. Kwenye daftari lile kulikuwa na nyimbo ambazo hazijawahi kusikika na mtu, naye alizijua zote. Nimeona noti za muziki za aina nyingi, sijaona zenye manufaa zaidi kwa aliyeziandika. Naye pia hakuandika maneno. Nilimwuliza kama haimbi. Alisema anaimba sana, kanisani.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa walichokuwa wanakifanya. Cherie Rivers Ndaliko, msomi aliyefanya kazi miaka mingi na Yole!Africa, kituo cha sanaa cha Goma kilichoanzishwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo, alitoa kitabu mwaka 2016 kiitwacho Necessary Noise kuhusu sanaa na misaada mashariki mwa Kongo. Kinachunguza kwa ukali kinachotokea pale mashirika ya hisani yanapokuwa mteja mkubwa wa wasanii. Studio ya mwalimu wangu ilikuwa mfano hai, na yeye hakujificha. Kodi ya chumba ililipwa na nyimbo za kunawa mikono. Siwezi kuzidharau, mwaka ule kunawa kuliokoa watu, na nyimbo zilifika mahali ambapo daktari alifukuzwa kwa mawe. Lakini mtu anayepewa sentensi ya mwisho na mteja kila wiki, hata iwe ya kweli, anahitaji mahali pa kupumzikia na sentensi. Vipande vile bila maneno vilikuwa likizo yake.

Siku moja mteja alikuja wakati nyundo inalia. Akasimama, akaipenda, akaomba maneno ya kampeni yake yawekwe juu ya biti hiyohiyo. Mwalimu akaishusha sauti.

"Maneno iko na benyewe," akamwambia kwa upole. "Hii moja haina mwenyewe."

Kisha akamfungulia folda nyingine, ya biti za nafasi 16, akamchagulia moja nzuri, na wakakubaliana bei bila ugomvi. Mimi ningekubali ile ya kwanza, fedha ilikuwa ya maana. Na bado nadhani angekubali pasingeharibika kitu. Yeye alifikiri vinginevyo, na kwa yaliyofuata mjini humo sina ubavu wa kubishana naye.

Maana maneno Goma yana uzito wa namna nyingine pia. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia na kuushika mji, kama walivyowahi kufanya Novemba 2012. Benki zikafungwa, ndege zikaacha kutua. Tarehe 13 Februari Delcat Idengo, mwimbaji wa Kivu Kaskazini aliyewahi kutiwa ndani kwa nyimbo zake za kuwakemea wakubwa, akapigwa risasi na kufa mjini humo. Ndiyo sababu sijaandika mtaa, na ndiyo sababu hata sura ya chumba nimeichanganya kidogo.

Wanamuziki wa Kongo walio Kampala wana nafasi zaidi. Rey Sapienz, Mkongo aliyehamia huko, ni mmoja wa waanzilishi wa lebo ya Hakuna Kulala, na mwaka 2021 yeye na Congo Techno Ensemble walitoa Na Zala Zala, ngoma za Kongo zilizosagwa na mashine mpaka zikatoa cheche. Wadau wa Ulaya huuandika muziki wa namna hii kana kwamba ni mtoto wa jana. Mwaka 1944 Mmisri Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia kwa waya kutoka redio mjini Cairo, akanasa sauti za wanawake kwenye sherehe ya zari, ya kupunga pepo, kisha akazichezea studio kwa mwangwi na vichujio mpaka zikawa kitu kingine. Miaka minne baadaye ndipo Paris ikaanza kusifiwa kwa ugunduzi huo. Simu juu ya ndoo ya wavunja mawe ina babu Cairo.

Nirudi mwaka ule wa 2019: fedha za yule mteja wa kampeni zilinunua betri mpya ya inveta. Ililetwa na chukudu, imefungwa kwa mpira juu ya gunia la makaa, na vijana wakaishusha kwa tahadhari ambayo sijaiona harusini. Saa ileile, kabla hata nyaya hazijakazwa, mwalimu akanigeukia.

"Na kwenu, mukubwa, kuko ngoma gani?"

Nikamweleza habari za bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya kulima, wachezaji wakirusha majembe juu na kuyadaka, mpigaji akiwa mbele yao anawavuta shambani. Akasema hataki maelezo. Akasogeza kipaza sauti karibu na meza, akabonyeza kitufe chekundu. Nikapiga kwa viganja nilivyokumbuka kutoka Bujora, kwetu Mwanza, na kwa mazoea ya kwaya mdomo ukafunguka wenyewe na wimbo ukaanza kutoka. Akainua mkono, akasimamisha rekodi, akafuta.

"Piga tena," akasema. "Lakini usiimbe."